Kinachokuja Baada ya Nzuri

Kengele ya zamu ya kwanza ililia Njombe Ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu mji ule uchimbwe kwenye ubavu wa mlima mwekundu wa Mirihi, watu wote walikuwa wameshafika kazini. Wachimbaji wako chini, wapishi wako jikoni, wa viazi wako kwenye banda la viazi. Desderia Kalinga, msimamizi wa mtambo mkuu, alisimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni akiutazama utupu wa ukumbi, akajisikia raha kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja wake mwenyewe.

Mwenyekiti wa mji, Bwana Mligo, alimpitia pale akiwa na fungu la njegere mbichi kutoka bustanini. Alimpa, akamsifu, akasema laiti wangelifanya jambo hili zamani. Mwenyekiti yule, Mbena wa asili, hakuwa mtu wa kugawa njegere ovyo, kwa hiyo Desderia alizipokea kwa mikono miwili na siku nzima hakuacha kutabasamu.

Kazi aliyosifiwa ilikuwa ya mabawabu. Kila nyumba ya Njombe Ndogo ina dirisha moja karibu na mlango, kioo kidogo chenye sikio, na mlango haukufungulii mpaka dirisha lijue wewe ni nani. Nje ya mlango hewa ni ya kupimiwa, na mtambo lazima ujue nani katoka, kaenda wapi, anahitaji pumzi kiasi gani. Ndani ya kila dirisha hukaa programu ndogo ambayo waanzilishi waliiita bawabu. Haina kazi nyingi. Inakaa na kusubiri. Mtu akija inamwuliza jina, inaisikiliza sauti yake, ikiridhika inamkabidhi kwa mtambo mkuu na yenyewe inakufa papo hapo. Mtu akimaliza shughuli zake, bawabu mwingine anazaliwa mahali pale pale, mpya kabisa, anakaa na kusubiri.

Sasa, ili kuitambua sauti ya mtu unahitaji sentensi kadhaa, tena za kila siku. Waanzilishi walijiuliza watu hawa wana maneno gani mdomoni kila asubuhi bila kufundishwa, wakaona jibu liko wazi. Wakawafundisha mabawabu kusalimia. Habari za kuamka, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na kazi je. Na kwa kuwa bawabu anasikia, mmoja wao akaongeza kwamba akisikia habari ya ugonjwa amfikishie nesi, na akisikia habari ya bomba amfikishie fundi.

Ilikuwa nzuri mji ulipokuwa na nyumba chache. Ulipokua, ikawa balaa. Baba anasalimiana na mlango, mama yuko nyuma yake amebeba mkoba, watoto wako nyuma ya mama wanasukumana, na bawabu hana haraka, anauliza hadi habari za mjomba wa Makete. Zamu zikawa zinaanza na nusu ya watu.

Desderia alifungua faili la mabawabu. Ndani yake kila dirisha lina mstari wake mmoja: jina la dirisha, bawabu aamshwe lini, asikilize hadi wapi, amkabidhi mtu kwa nani, na akifa ifanyike nini. Hapo mwisho mistari yote husema neno moja, azaliwe upya. Yeye aligusa sehemu ya tatu tu. Vyombo vya kutambua sauti siku hizi ni vikali, jibu moja linavitosha. Akaandika kwamba bawabu aulize habari za nyumbani, asikilize jibu la kwanza, afungue. Swali hilo aliliacha makusudi, kwa ajili ya wagonjwa. Aliona mtu anayeumwa akiulizwa habari za nyumbani atasema anaumwa. Tena kulikuwa na jambo jingine alilolifurahia kimyakimya: hakupenda kuwa na mlango unaosikiliza umbea wa watu. Akaupakia mstari kwenye madirisha yote, akayaamsha upya, akaenda zake kula.

*

Aliyekuja kuivuruga raha yake alikuwa Hidaya Shomari, nesi wa mji. Hakuja kushtaki mtambo. Alikuja na uso mzito, akakaa, akazungukazunguka, mwisho akasema kwamba Otilia amemnunia.

Otilia alikuwa mke wa Osmund Haule, fundi wa mabomba, na mimba yake ilikuwa imekaribia kukamilika. Hidaya alisema wanakutana ujiani, yeye anamwamkia, Otilia anageuzia uso ukutani. Si mara moja. Amejichunguza, hajui amemkosea nini. Na hivi kliniki ilivyo shwari wiki hizi, hakuna ujumbe hata mmoja kutoka mlango wowote, amekaa anafuma soksi na kufikiria jambo hilo hilo mpaka kichwa kinamwuma. Akamwomba Desderia aende kuongea naye. Yeye Desderia ni Mhehe, akina Haule ni Wangoni, watani wa damu, na mtani hafukuzwi.

Desderia alikubali kwa furaha. Alikuwa na akiba ya matusi ya Wangoni aliyoitunza tangu mwezi uliopita na hajapata pa kuyatumia.

Alimkuta Otilia kwenye banda la viazi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, visu na vikapu viko pembeni. Desderia akaanza hapo hapo mlangoni. Alimwuliza kama Wangoni wamechoka kukimbia sasa wameamua kukaa, na kama huyo tumboni amekataa kutoka kwa kuwa amesikia Wahehe wako nje. Akangoja arushiwe lake. Hakurushiwa kitu. Otilia alimtazama tu kwa macho mekundu, na Desderia akaona miguu yake ilivyofura, kanda za viatu zimezama ndani ya nyama.

Utani ukamkauka mdomoni. Akachutama, akamshika goti, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa.

"Mwulize nesi wako," Otilia alisema. "Nimemwambia kila siku ya Mungu. Kichwa kinaniuma, mbele ya macho naona vimulimuli. Hakuja hata kunichungulia. Kama mimi si mtu, basi na salamu zangu asizitake."

"Umemwambia wapi, mtani?"

"Mlangoni. Kwani huwa tunamwambia wapi?"

Desderia alimwomba amwambie vile inavyokuwa, neno kwa neno.

"Ananiuliza habari za nyumbani. Nasema nzuri. Halafu ndiyo namwambia."

Hapo hapo Desderia akaliona kosa lake lote, na akajiona mjinga wa mwisho duniani na Mirihi. Nani kati yao amewahi kuulizwa habari akajibu mbaya? Mama yake mzazi alivunjika nyonga, jirani akapiga hodi, akajibiwa akiwa sakafuni kwamba habari ni nzuri, karibu ndani, ila mguu ndiyo kidogo. Msiba wenyewe unaanza kwa salama. Unasema nzuri kwanza kwa adabu, unavuta pumzi, halafu ndiyo unasema lile lililokuleta. Yeye mwenyewe hajawahi kusalimia kwa namna nyingine tangu ajue kusema. Na bawabu wake alisikiliza lile nzuri, akafungua mlango, akafa. Otilia alikuwa amesimama pale kila asubuhi, mkono kwenye fremu, akiieleza hali yake mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Simama," alisema. "Niegemee. Twende."

*

Hidaya alipopima shinikizo la damu alifungua kabati la dawa. Alikuja kueleza baadaye, sindano ilipokwisha kuingia: kifafa cha mimba kilikuwa kimefika mlangoni, bado kupiga hodi tu, na mtoto lazima atolewe leo. Alimsemesha Otilia wakati wote huo. Alimwambia hakupata neno hata moja, angelipata angelikuja mbio bila viatu. Otilia alishika mkono wake na kununa kukaishia hapo.

Osmund alifika na bisibisi bado iko mkononi. Alikuwa hajui chochote. Mkewe alimficha kwa kuwa alijua angemtoa kwenye viazi na kumlaza kitandani miezi yote. Desderia alimweleza pale pale ujiani, bila kuzungusha, kwamba ni yeye aliyebadilisha mabawabu, na kwamba mkewe alikuwa akisema na hakuna aliyemsikia. Osmund alikaa sakafuni, akaiweka bisibisi mapajani, wakasubiri pamoja bila kutazamana. Ilikuwa subira mbaya kuliko zote Desderia alizowahi kukaa.

Mtoto alilia kabla ya kengele ya zamu ya pili. Msichana, mdogo kama kiazi cha mbegu, ila mapafu yake hayakuwa na hitilafu. Hidaya akatoa kichwa nje ya pazia, akasema mama mzima, mtoto mzima, na baba mtu aache kukaa njiani.

Osmund alijifuta macho kwa kiganja. Halafu akamgeukia Desderia.

"Wahehe bwana," alisema. "Mmejaribu tena kutumaliza, mmeshindwa tena."

Desderia alicheka na kulia kwa pamoja, akajua amesamehewa.

*

Bwana Mligo yeye alikuwa ameshtuka, na mtu aliyeshtuka akipewa kiti cha mbele huwa hatari. Aliita baraza. Alitaka mabawabu wasikilize kila kitu, si salamu tu, kuanzia mtu anapoamka hadi anapolala. Kila watakachosikia kifike kwa nesi, kwa mwenyekiti, kwa msimamizi wa zamu na kwa mwenye nyumba. Hataki kusikia tena kwamba mtu alisema akakosa msikilizaji. Wajumbe wakatingisha vichwa. Desderia naye alitingisha chake. Kwa aibu aliyokuwa nayo angekubali hata kuambiwa ale faili lenyewe.

Alipita kliniki kumpa Otilia habari, akidhani anampelekea zawadi. Otilia alikuwa anamnyonyesha mtoto. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama na Osmund ataambiwa yanayosemwa mlangoni. Desderia akasema ndiyo, kila mwenye nyumba.

"Basi mimi nitasema nzuri, ninyamaze," Otilia alisema. "Mtani, nilimwambia bawabu kwa sababu alikuwa akimwambia nesi peke yake. Ningetaka mume wangu ajue, si ninalala naye?"

Neno hilo lilimkaa Desderia. Alirudi karakana, akafungua faili, akalikodolea macho mpaka chai ikapoa. Bawabu asiyesikiliza karibu amwue mtu, hilo ameliona kwa macho yake na hatalisahau. Lakini bawabu anayesikia na kutangaza atawafanya watu wote wa mji waseme nzuri na kuishia hapo, na hiyo ni sawa na kuwarudishia mlango ule ule aliowafungia, ila safari hii kufuli wameiweka wenyewe. Na akimwacha mtu achague? Siku moja yuko atakayechagua kunyamaza, na aliyoyanyamazia yatamuua, na watu watasema Desderia alijua kuna njia ya kusikia akaiacha. Alilipindua jambo hili huku na huku. Kila alipolishika lilikuwa na mwiba. Mwisho alijiuliza swali dogo tu: yeye mwenyewe angezungumza na mlango upi? Akaanza kuandika.

Bawabu mpya angeuliza habari za nyumbani kama zamani. Angepokea nzuri kwa heshima zake, kisha angekaa kimya na kusubiri. Angesubiri hadi mtu mwenyewe aseme haya, kwaheri. Kama kuna lililosemwa baada ya nzuri, angeuliza swali moja: nimwambie nani? Angetajiwa nesi, angemwambia nesi. Angetajiwa mume, angemwambia mume. Na akiambiwa usimwambie mtu, angekufa nalo.

Bwana Mligo alilipinga kwa nguvu. Aliuliza mbele ya baraza itakuwaje mtu akiyanyamazia maradhi yake mpaka yamwue.

"Hidaya ana miguu," Desderia alimjibu, "na sisi wengine tuna mikono ya kugonga mlango. Mimi, mwenyekiti wangu, niliuachia mlango kazi ya jirani, ndiyo maana tumefika hapa. Sitaki kuuachia mara ya pili."

Ubishi ulichukua zamu nzima. Wakakubaliana kwa shingo upande: wajaribu, kwa sharti moja la Mligo. Mtu akisema asimwambie mtu, taa ya njano iwake kwenye meza ya Desderia kuonyesha ni dirisha lipi, na maneno yenyewe yahifadhiwe mpaka jioni kabla ya kufutwa. Ufunguo wa kuyafungua akae nao Desderia, autumie akiona kuna hatari. Desderia hakulipenda sharti hilo, lakini alijua hapati zaidi ya hapo, akaliandika kwenye mstari.

Zamu zikarudi kuchelewa kidogo. Watu walinung'unika siku mbili tatu, kisha wakazoea kuamka mapema. Jumbe zikaanza kuingia kliniki, meno, migongo, kikohozi cha mtoto wa mpishi, na Hidaya akaziweka soksi kando akiwa mwenye furaha kabisa. Karakanani, taa ya njano ilikaa gizani.

*

Iliwaka asubuhi moja Desderia akiwa anamenya njegere. Aliitazama namba ya dirisha akasimama, njegere zikamwagika. Ilikuwa nyumba ya akina Haule. Otilia alikuwa ametoka kliniki jana yake tu.

Mtambo ulionyesha kwamba amekaa dirishani muda mrefu. Amesema mengi, halafu amesema asimwambie mtu.

Desderia alifikiria kila kitu kibaya. Kichwa kimerudi. Mtoto hanyonyi. Huzuni ile inayowakamata wazazi wapya, wakakaa wakitazama ukuta. Maneno yalikuwa pale, nyuma ya ufunguo aliokuwa nao kichwani, na ruhusa anayo, tena ya maandishi ya baraza. Mikono yake ilikwenda kwenye vibonye yenyewe. Akaandika amri, herufi baada ya herufi, ikabaki kuithibitisha tu.

Safari ile alikuwa amemfungia Otilia mlango kwa kutosikiliza. Akibonyeza sasa, atakuwa amemfungia kwa kusikiliza. Otilia hatajua, na hilo ndilo lilimchoma zaidi, kwa sababu yeye Desderia atajua, na kila atakapomtania atakuwa akimtazama mtu aliyemwibia. Lakini kama mtani wake anaumwa je? Akafuta amri, herufi baada ya herufi, akavaa koti, akatoka karibu anakimbia.

Alipofika hakugusa dirisha. Aligonga mlango wenyewe kwa kiganja.

"Hodi!"

Aligonga tena.

"Hodi hapa!"

"Karibu," Otilia alijibu kutoka ndani. "Nani anayevunja nyumba ya watu? Nimejua, Mhehe."

Alikuwa amekaa kitandani, miguu imerudi kuwa miguu, mtoto amelala kifuani. Desderia alimwamkia huku akihema. Habari za nyumbani? Nzuri. Akakaa kimya, akasubiri, macho yake hayaondoki usoni mwa mwenzake. Otilia naye akamtazama, akaona koti lililovaliwa kinyume na ganda la njegere kwenye nywele, akaelewa kwamba kuna kitu.

Desderia akamweleza ukweli. Taa imewaka, ufunguo anao, hajafungua, ila ameshindwa kukaa. Akamwuliza kama ni kichwa, au mtoto, au moyo.

Otilia aliinamisha uso, akaona haya kama msichana. Akasema si ugonjwa. Mtoto alikuwa hajapewa jina mbele ya watu. Kwa akina Haule jina la mtoto wa kwanza hutamkwa na bibi yake mzaa baba, na bibi yuko Songea, ujumbe wake bado uko njiani. Kabla ya hapo halitamkwi kwa mtu yeyote, hata Osmund hajaambiwa. Lakini yeye na bibi walishakubaliana zamani, na jina lilikuwa limemjaa kifuani, linataka kutoka. Asubuhi ile alisimama mlangoni na mtoto mkononi, bawabu akamwuliza habari, akasema nzuri. Bawabu akasubiri. Basi akamwambia. Akalitamka jina, akalirudia, akamweleza na marehemu mwenye jina hilo alikuwa mtu wa namna gani, akalia kidogo kwa furaha, akaaga.

Desderia aliketi ukingoni mwa kitanda. Akamtazama yule mdogo aliyelala mdomo wazi.

"Na jina lenyewe ni nani, mtani?"

Otilia akacheka mpaka mtoto akashtuka.

"Si nilisema asimwambie mtu?"

Desderia akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akaomba chai.